Kitundu Chini ya Chumba cha Cherehani

Watu wa mtaa ule walimwita Bi Mnusaji. Jina hilo hakulipenda hata siku moja, ingawa aliliitikia. Alikuwa mkaguzi katika ofisi ya serikali inayosimamia usalama wa mabomba ya gesi, na watu walikwisha kumzoea akipita nyuma ya nyumba zao na viatu vyake vizito, koti la rangi ya chungwa, na kifaa chenye mdomo mrefu kama wa korongo akikiburuza juu ya majani. Fundi baiskeli wa pale kwenye kona hakumwacha apite bure.

"Bi Mnusaji, pitisha na kwangu, nahisi mke wangu leo kapika kitu ananificha."

"Hii inanusa gesi," angejibu bila kuinua kichwa. "Haijafundishwa kunusa njaa."

Kwa dada yake hakuwa Bi Mnusaji wala mkaguzi. Alikuwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho tumboni mwa mama yao. Mama alifariki Kitinda akiwa bado anang'oka meno ya utotoni, na Dada, ambaye naye alikuwa msichana tu anayejifunza ushonaji, akavaa viatu vya mama bila kuulizwa kama vinamtosha. Mchana alishona nguo za watu; jioni alishona sare za Kitinda kwa vipande vilivyobaki, ndiyo maana mfuko wa sketi yake ulikuwa na rangi moja na mshono wake rangi nyingine. Kitinda alipochaguliwa kwenda chuo cha ufundi kusomea uchomeleaji, msichana pekee darasa zima, Dada ndiye aliyemshonea ovaroli ya kwanza. Aliibana kiuno na kuitia marinda kidogo nyuma, hata mwalimu akauliza kama mwanafunzi huyu anakwenda kuchomelea au kusimamia harusi.

Toka uchomeleaji akahamia ukaguzi. Alikuwa na jicho la kuona mshono mbaya wa chuma kama dada yake alivyokuwa na jicho la kuona mshono mbaya wa nguo, na wenyewe walipenda kusema kuwa kazi yao ni moja, tofauti ni uzi tu.

Bomba alilolikagua lilianzia kituo cha gesi nje ya mji, likapita chini ya ardhi, likaukata mtaa wa kina Dada katikati, likaishia kwenye kiwanda cha chupa. Lilizikwa zamani, wakati pale hapakuwa na kitu ila vichaka. Kiwanda kilipoanza kutoa chupa, watu wakasogea karibu na kazi, nyumba zikaota pande zote mbili, na ile njia ya bomba iliyoachwa wazi ikabaki kama kichochoro kipana cha majani. Ukuta wa chumba cha cherehani cha Dada ulisimama pale pale ambapo sheria inaruhusu ukuta kusimama, si hatua moja zaidi. Kitinda alilijua hilo. Aliupima mwenyewe.

Mume wa Dada alikuwa mtu wa tanuri. Alianza kiwandani kama kibarua wa kubeba mchanga, akapanda ngazi pole pole mpaka akawa wa kuangalia moto. Tanuri la kioo, alipenda kueleza hata kwa mtu asiyeuliza, halizimwi. Linawaka mchana kutwa na usiku kucha, miaka nenda miaka rudi, kwa sababu kioo kilichoyeyuka ndani yake kikipoa ghafla kinaganda kama jiwe na matofali yanapasuka. Siku likihitaji kujengwa upya, hupozwa taratibu, kwa mpango, kama mgonjwa anayeshushwa homa. Tanuri hilo yeye aliliita Bibi Mkubwa.

"Bibi Mkubwa leo kaamka vizuri," angesema akivua viatu mlangoni.

"Mke mwenzangu huyo," Dada angejibu toka kwenye cherehani. "Anakula kuliko mimi na hafui hata soksi."

Sasa, chuma kilichozikwa adui yake ni kutu. Kampuni ya bomba hukivisha gamba la kukikinga na unyevu, kisha hukipitishia umeme mdogo sana, usioweza kumshtua hata kuku, ili kutu isipate pa kuanzia. Kila baada ya umbali fulani kuna nguzo fupi ya kupimia umeme huo. Mwaka ule ambao baadaye Kitinda aliurudia kichwani mara nyingi kuliko mwaka mwingine wowote wa maisha yake, alipima nguzo zote, na zile zilizo nyuma ya mtaa wa Dada zikampa namba dhaifu. Hakukuwa na gesi iliyovuja. Kulikuwa na dalili tu: mahali fulani pale chini gamba limebanduka, na chuma kimekaa uchi kwenye udongo wenye maji.

Dawa yake ilijulikana. Chimbua, tazama, kata kipande kibovu, weka kipya. Ila ili kukata ilibidi gesi ifungwe kwa muda, na gesi ikifungwa, tanuri linakula nini?

Mhandisi wa kampuni ya bomba alikuwa mtu mzuri. Hili lazima lisemwe, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya. Alikuwa na tabasamu la karibu, alikumbuka habari za wagonjwa wa watu, na neno lake lilikuwa moja, ndiyo maana wafanyakazi wenyewe walimpachika jina la Bwana Kesho.

"Mama, mwakani tanuri linapozwa kwa ukarabati," alimwambia Kitinda wakiwa wamesimama kando ya nguzo. "Gesi itakuwa imefungwa yenyewe. Siku hiyo hiyo nakuchimbulia mtaa mzima, utazame mpaka uchoke. Kwa nini tumsumbue mtu aliyelala?"

"Na kama hawatalipoza mwakani?"

"Watalipoza. Matofali yamechoka, wenyewe wanajua."

Hakuwa anadanganya. Aliamini alichosema.

Mchana huo Kitinda alipita kwa Dada kula. Alikuta nyumba imechangamka. Shemeji yake alikuwa ametangazwa asubuhi ile kuwa mkuu wa tanuri, na alikuwa amekaa sebuleni amevaa shati jipya ambalo Dada alikuwa bado anamtoa pini mgongoni.

"Shemeji, umekuja wakati mzuri!" alimwambia. "Kaa, kaa. Oda za chupa zimejaa mpaka zinamwagika. Mwaka huu Bibi Mkubwa hapepesi hata jicho."

"Usitikisike nitakuchoma," Dada alisema, pini ikiwa mdomoni.

Walicheka. Kitinda alikula, akaomba kuongezewa, na Dada akamkwangulia ukoko wa chini ya sufuria, ule aliokuwa akimwekea tangu utotoni. Hakuna aliyemwomba chochote. Hakuna aliyejua kama alikuwa na chochote cha kuombwa.

Ofisini jioni hiyo alikaa mbele ya ripoti. Katika kazi yake kulikuwa na maneno mawili tu yenye uzito. Akiandika "lazima", kampuni inachimbua katika muda uliowekwa, la sivyo ofisi inafunga bomba. Akiandika "inashauriwa", kampuni inashukuru na kuendelea na mipango yake. Kitinda aliwaza lile shati lenye pini. Aliwaza kwamba bomba limedumu miaka yote hii na mwaka mmoja haumalizi chuma. Aliwaza kwamba namba ni dhaifu, lakini amewahi kuona dhaifu zaidi. Kila alichowaza kilikuwa na ukweli ndani yake, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa.

Akaandika "inashauriwa". Mkurugenzi akatia sahihi.

Mwaka uliofuata kiwanda kiliahirisha ukarabati. Oda zilikuwa bado zimejaa. Bwana Kesho aliandika kuiarifu ofisi, kwa lugha ya heshima, akiahidi mwaka utakaofuata. Kitinda aliisoma barua hiyo siku ambayo bomba la upande mwingine wa mji lilikuwa limegongwa na greda, akaiweka kando akikusudia kupiga simu. Kisha mvua zikaanza, barabara zikafungika, na kusudio lake likabaki kusudio.

Mvua zilipokatika alianza kuzungukia mabomba kama kawaida. Alifika nyuma ya mtaa wa Dada jua likiwa limepanda kiasi, majani yakiwa mabichi kila mahali, marefu mpaka magotini. Akasimama. Katikati ya kijani kile palikuwa na mchirizi wa majani makavu, ya rangi ya mkate, kana kwamba mtu amepita na chuma cha moto. Mchirizi uliifuata njia ya bomba, halafu ukapinda kuelekea kwenye nyumba. Maboga ya jirani yaliyotambaa pale yalikuwa yamekufa yote.

Alishusha kifaa. Kikaanza kulia taratibu. Kadiri alivyosogea kwenye ukuta wa chumba cha cherehani, ndivyo kilivyoharakisha, mpaka milio ikashikana ikawa mmoja.

Alizunguka nyumba mbio. Dada alikuwa mlangoni pa chumba chake cha kushonea, ameshika pasi ya mkaa aliyotoka kuipepea kwenye upepo wa nje, makaa yakiwa yamekolea vizuri, na mguu mmoja ulikwisha kupita kizingiti.

"Dada! Simama hapo hapo!"

"Kulikoni wewe? Salamu zimeadimika mjini?"

"Usiingie nayo hiyo pasi. Na usiiweke chini. Geuka, njoo nayo kwangu."

"Nina gauni la mtu mezani, Kitinda, mwenyewe anakuja—"

"Dada, nakuomba. Tembea uje."

Kuna sauti ambayo mdogo hatumii kwa mkubwa wake. Kitinda aliitumia. Dada alimtazama, uso ukabadilika, akageuka na kutembea, pasi mkononi imenyooshwa mbele kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa, mpaka barabarani, mpaka ng'ambo ya barabara, kwenye mtaro wenye maji. Kitinda akaitumbukiza humo. Ikapiga kelele na kutoa moshi.

Alirudi peke yake, akaingia chumbani na kifaa. Nguo za watu zilining'inia ukutani kimya. Chini ya meza ya cherehani saruji ilikuwa na ufa mwembamba ambao Dada kila siku alikuwa akiufagilia vumbi. Aliuelekezea mdomo wa kifaa, na mshale ukaruka ukalala upande wa pili, ukagoma kurudi. Hakugusa swichi. Hakugusa kitu. Alifungua madirisha kwa ncha za vidole na kutoka.

"Mbona mimi sisikii harufu yoyote?" Dada alimuuliza. "Nimekaa humo tangu asubuhi. Gesi si inanuka?"

"Harufu ile si yake, sisi ndio tunaitia. Ikipita kwenye udongo mwingi, udongo unainywa. Gesi inatoka imenyamaza."

Aligonga mlango hadi mlango. Zimeni majiko, tokeni, msiwashe wala msizime taa, msipige simu hapa, acheni kila kitu. Wengine walitoka na watoto, wengine walitoka na runinga. Fundi baiskeli alianza kufungua mdomo atanie, akaona uso wa Bi Mnusaji, akautupa msumari aliokuwa akiugonga na kwenda kumsaidia kubeba mgonjwa wa nyumba ya tatu.

Watu walipokuwa mbali, Kitinda alipiga simu. Bwana Kesho alifika na gari la kampuni, na safari hii hakuwa na tabasamu. Alitazama mshale wa kifaa, akatazama nyumba.

"Tupunguze presha," alisema. "Tupunguze mpaka kiwango cha chini kabisa, tanuri libaki na joto la kushikilia roho tu, wakati huo tunachimbua. Ukifunga kabisa, Mama, unajua unaua nini."

"Kiwanda si kina mashine za dharura za kuliwasha tanuri kwa mafuta?"

"Pampu ya mafuta imegoma. Wamejaribu sasa hivi. Hawajaigusa tangu iliponunuliwa."

Kitinda alilifikiria lile pendekezo, na alilifikiria kwa haki. Lilikuwa jambo la busara, kama gesi ingekuwa inavujia uwanjani. Lakini ilikuwa imekwisha kujaa chini ya sakafu za watu, na hata ikipunguzwa ingeendelea kujaa pale pale, na hakuna aliyejua imetambaa mpaka chini ya nyumba ngapi.

Shemeji yake alikuja akikimbia toka kiwandani, miwani ya tanuri ikiwa bado kwenye paji la uso. Alimshika mke wake mabega, akamkagua kichwa hadi miguu, kisha akamgeukia Kitinda.

"Ahsante kwa huyu," alisema. "Mungu akubariki kwa huyu. Sasa nisikilize shemeji yangu. Mkitaka kubomoa nyumba, bomoeni. Watu wamekwisha kutoka. Nipe mpaka kesho asubuhi tu. Nimwage kioo kilichomo, nimpooze kwa adabu. Akipozwa kwa adabu atajengwa tena. Akizimwa hivi hivi hainuki tena, na sisi sote nyuma yake. Mpaka asubuhi tu."

Kitinda alimtazama mtu huyu aliyemuoa dada yake bila kinyongo cha kuletewa pia mtoto wa kulea. Alitazama pia Dada, amekaa ukingoni mwa mtaro, pasi iliyolowa miguuni pake.

"Siwezi, shemeji."

"Nakuomba mimi. Sijawahi kukuomba kitu."

"Najua."

Akamgeukia Bwana Kesho. "Funga."

Valvu ilifungwa mchana ule. Shemeji alirudi kiwandani na usiku ule hakuonekana. Alikaa na vijana wake mbele ya tanuri wakilifunika kwa kila walichokuwa nacho, kana kwamba blanketi lingesaidia, na walisikia matofali yakianza kupasuka, moja moja, halafu mengi pamoja. Aliporudi alikuwa na majivu hata kwenye kope. Dada, ambaye siku zote alikuwa na neno la kumtania kuhusu mke mwenza, alimwekea maji ya kuoga tu.

Bomba lilipochimbuliwa, mtaa mzima ulikuja kuona. Walisimama ukingoni mwa shimo wakitarajia, labda, mpasuko wa kuingia mkono. Mafundi walipangusa udongo, wakakwangua kutu, na pale chini, ubavuni mwa chuma kilicholika na kuwa chembamba kama kopo, palikuwa na kitundu. Fundi baiskeli alishuka, akachukua msumari wake, akaupima. Kichwa cha msumari kilikiziba.

"Kwa hiki?" mtu mmoja aliuliza.

Aliinama kukitazama tena.

"Watu wote hawa wanakosa kazi kwa hiki?"

Kitinda alijaribu kueleza. Alieleza habari za presha, na ufa, na makaa, na kwamba chuma chote cha pembeni kilikuwa kimebaki utando tu. Maneno yalimtoka vizuri, kwa mpangilio, na aliona jinsi yanavyowapita watu pembeni. Nyumba zilikuwa zimesimama. Dada alikuwa hai, kila mtu alikuwa hai, na kitu ambacho hakikutokea hakina picha ya kumwonyesha mtu.

Tume iliundwa, ikakaa, ikaandika kwamba mkaguzi alichukua hatua sahihi kwa ujasiri. Walimuuliza kuhusu ripoti ya mwanzo na namba zile dhaifu. Aliwaambia alichopima na alichoandika, hakupunguza. Mwenyekiti alifunua kanuni, akasema kiwango kile kilimruhusu mkaguzi kuchagua neno lolote kati ya mawili, kwa hiyo hakuna kosa. Wakaendelea na shahidi mwingine. Kitinda alitoka ukumbini akijihisi kama mtu anayeumwa aliyekwenda hospitali akaambiwa hana ugonjwa. Bwana Kesho alihamishiwa mji mwingine. Kabla ya kuondoka alipita kumuaga, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, wewe ungeandika lile neno jingine, mimi ningechimba. Ningelalamika, lakini ningechimba." Hakusema kwa shari. Alisema kama mtu anayefikiri kwa sauti, na Kitinda angependelea atukanwe.

Wenye kiwanda hawakujenga tanuri jingine. Walipiga hesabu zao huko walikokuwa, geti likafungwa kwa mnyororo, na vyuma vikauzwa kwa kilo. Mtaa ulianza kuhama. Dada na mumewe waliamua kwenda kwa ndugu zake shemeji, ambako kulikuwa na kazi ya kuchoma matofali.

Siku ya kufunga mizigo Kitinda alikwenda kusaidia. Walianza na kukunja nguo. Cherehani ilikuwa imefungwa kwa kanga, miguu juu. Kitinda alikuwa amekusudia kumweleza mambo taratibu, kwa kuanzia mbali, lakini kilichomtoka kilikuwa kifupi.

"Dada, mwaka ule wa kwanza nilipima hapa nyuma. Namba hazikuwa nzuri. Ningeweza kuwalazimisha wachimbue. Tanuri lingekaa na njaa kidogo tu, wangepanga, lingepona. Sikuwalazimisha."

Dada aliendelea kukunja shuka mpaka likawa dogo kabisa.

"Lini hiyo?"

"Siku shemeji alipopewa ukuu."

"Siku ya shati."

"Siku hiyo."

"Ulikuja ukala hapa," Dada alisema. "Ukaomba kuongezewa."

"Ndiyo."

"Nikakupa na ukoko."

Kitinda aliinamia shuka jingine.

"Mimi sikukasirika kwa kufunga," Dada alisema. "Watu wanadhani nimekununia kwa kufunga. Ungeacha, nisingekuwepo hapa kununa. Lakini siku ile ya kwanza ulituonea haya, Kitinda. Ulitutazama tunacheka ukaona tusiguswe. Mimi nimekulea, nimekutandika kwa kamba ya mabegi ulipochezea moto, nilikuonea haya? Ungekuja na maneno yako makali tungekulaani wiki nzima, halafu tungekula pamoja."

"Nisamehe, Dada."

"Nimekusamehe. Shika huku, tubebe hii."

Wakabeba cherehani pamoja mpaka kwenye gari. Na kweli alikuwa amemsamehe. Dada hakuwa mtu wa kusema asichomaanisha. Ila kusamehewa, Kitinda alikuja kugundua, hakurudishi kitu mahali pake.

Alibaki kazini. Alikuwa mkali sasa, mkali kupita kiasi wengine walisema, na makampuni yalimbatiza jina jipya: Bi Lazima. Lilimfaa zaidi kuliko lile la kwanza, lakini nalo hakulipenda. Kila alipochimbulisha bomba akakuta chuma kizima, mhandisi fulani alinung'unika kuhusu kazi ya bure, naye alisimama ukingoni mwa shimo akitazama chuma kile kinavyong'aa, na furaha aliyoitarajia haikuja. Ukali wake ulikuwa umechelewa kwa mtaa mmoja tu, na mtaa huo ndio uliokuwa wake.

Mara moja moja alisafiri kwenda kuwaona. Shemeji alikuwa amekonda, kifua kikimsumbua kwa moshi wa matofali, lakini alimpokea kwa mikono miwili na kumuuliza habari za afya, za kazi, za safari. Hakutaja tanuri. Dada alitandika kitambaa mezani, akatoa vikombe vya kabatini, vile vya maua, akampakulia kwenye sahani ya wageni na kumkaribisha aongeze. Hakuna kilichokosekana. Kitinda alikula akiwa amenyoosha mgongo, akashukuru, na aliposimama kuosha vyombo, Dada alimwambia, "Acha, acha, wewe pumzika, umetoka mbali." Miaka yote ile ya utotoni hakuna aliyewahi kumwambia aache vyombo.

Safari ya mwisho aliyokwenda kabla ya kustaafu, Dada alimsindikiza mpaka barabara kuu. Walitembea pole pole kwa kuwa magoti ya Dada yalikuwa hayamtii tena. Kandokando ya barabara palikuwa na vigingi vipya vyenye vitambaa vyekundu, vimesimikwa kwa mstari ulionyooka mpaka macho yasikofika.

"Wanasema wanaleta gesi mpaka huku," Dada alisema.

"Nimesikia ofisini."

"Bomba litapita karibu na nyumba?"

"Nimeangalia ramani. Si mbali."

Dada alisimama kupumzika, mkono begani mwa mdogo wake. Ulikuwa mkono mwepesi kuliko Kitinda alivyoukumbuka.

"Atakayekuja kukagua ni nani?"

"Sijui bado. Mimi natoka mwaka huu. Ukitaka naweza kuwaombea wamlete mtu ninayemjua, mtu mzuri, awe anapita na kwenu kuwasalimu."

"Hapana," Dada alisema. "Mlete tusiyemjua. Na asile kwangu."

Alisema hivyo kwa upole, bila kumtazama, macho yake yakiwa kwenye vile vitambaa vyekundu. Basi lilikuja. Kitinda aliingia, akapata kiti upande wa dirisha, na Dada akabaki pale amenyanyua mkono mpaka vumbi lilipomfunika.

Wiki ileile alimwomba mkurugenzi mpya iwekwe kanuni kwamba mkaguzi asipangiwe bomba linalopita kwa ndugu zake. Mkurugenzi alimsikiliza kwa adabu. Alisema wakaguzi ni wachache na mji ni mdogo, kila mtu ana ndugu kila mahali, lakini wazo ni zuri na atalifikisha mbele. Kitinda alimshukuru. Kisha, akiwa amekwisha kushika kitasa cha mlango, alirudi akavuta kiti na kukaa.

"Sitoki hapa mpaka uliandike," alisema. "Na andika lazima."